Jina Lililopasi

Sitataja jina la mtu yeyote humu, na la kwangu ndilo la kwanza kutotajwa. Nina sababu, na nitaieleza, maana nimechoka kuibeba peke yangu.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya msingi ya kijiji kimoja kisicho mbali na Mkiwa, pale barabara ya Itigi inapochepuka. Kiingereza chenyewe alikuwa nacho cha kuungaunga. Kiasi alikipata chuo cha ualimu, na kilichobaki alikichota kwenye kamusi moja nene isiyo na jalada, ambayo ilianzia herufi B kwa sababu kurasa za A zilikuwa zimesokotewa tumbaku na walioimiliki kabla yake. Aliipenda kamusi ile kuliko alivyotupenda sisi wanawe. Sisemi kwa kumwonea. Hata mama alisema hivyo, tena akicheka.

Kila Jumatatu aliandika ubaoni neno moja la Kiingereza, fupi, la kawaida, na kututuma tukalitafute huko tunakoishi. Alisema maneno makubwa ni ya kujivunia tu, hayamfai mtoto. Neno dogo ndilo lenye kazi nyingi. Ijumaa tulitakiwa kurudi na kila matumizi tuliyoyasikia, hata kama yamesemwa na mlevi kilabuni.

Mwaka niliokuwa darasa la saba, neno moja lilikaa ubaoni wiki tatu. Lilikuwa "pass".

Tulilijua sote bila kujua kwamba ni la Kiingereza. Kwetu lilikuwa pasi. Wavulana walileta pasi ya mpira, na mmoja wao akatumia kipindi kizima kueleza jinsi alivyonyimwa pasi mbele ya goli lililo wazi. Mimi nilileta pasi ya mkaa, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nagombana nayo nyumbani. Baba alikuwa na mashati mawili, alitaka yanyooshwe kila siku, na cheche ikitoboa kola unakula kofi. Alikuna kichwa, akasema huenda chuma kile kimeitwa hivyo kwa kuwa kinapita juu ya nguo. Sijui kama ni kweli na sijajisumbua kuuliza. Msichana mmoja, ambaye mama yake aliuza chai kando ya barabara pale Mkiwa, alileta habari za karatasi. Zamani, alisema, lori la mahindi halikuvuka kizuizi bila pasi yenye mhuri, lakini sasa kizuizi kimeondolewa na kila mtu anapita na magunia yake.

Ndiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Pale Mkiwa paliota vibanda vya mbao, mitumba ikarundikwa juu ya maturubai, na sabuni za kunukia tulizokuwa tukizisikia kwa watu wa mjini zikapangwa barabarani kama vitunguu. Ushirika uliokuwa ukinunua alizeti yetu ulikuwa umelala usingizi wa pono, na wenye malori walinunua shambani kwa bei waliyoitaka wao. Walimu waliwauzia karanga wanafunzi wao wakati wa mapumziko. Watu wakiikumbuka miaka ile husema tulifunguliwa. Mimi nakumbuka kwamba kila kitu kilikuwepo na sisi tulikuwa tunakiangalia.

Baba naye alileta ya kwake kutoka kwenye kamusi. Alitusomea kwamba neno lilelile linamfaa anayepita njiani, siku zinazokwenda, chumvi unayomsogezea mwenzako wakati wa kula, sheria inayopitishwa, maumivu yanayotulia, na mtu aliyefariki. Kwenye kufariki tulicheka. Kulikuwa na maana nyingine chini kabisa ya ukurasa, ya mtu kukubaliwa kuwa mwingine ambaye siye, lakini hiyo aliisoma haraka na kusema si ya umri wetu. Halafu akaligonga neno kwa kipande cha chaki na kutuambia tuyasahau yote, tushike moja tu. Kupasi mtihani.

Nilipasi. Majina yalipotoka langu halikuwemo, na baba hakuamini. Alipanda lori hadi Singida Mjini, kwenye ofisi ya elimu, ambako alikuwa na mtu waliyesoma naye chuo, akafunguliwa daftari la alama. Nilikuwa nimepasi vizuri. Ila nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache, na zilikuwa zimekwisha kabla ya kunifikia. Aliporudi alivua viatu, akakaa kwenye kigoda nje ya tembe letu, akaniambia kwamba nimepasi lakini sikuchaguliwa.

Nilichukua kamusi yake bila ruhusa, na siku hiyo hakunigombeza. Nilipitisha kidole kwenye ukurasa ule mstari kwa mstari. Sikuona mahali palipoandikwa kwamba mtu anaweza kupasi akabaki kukamua ng'ombe. Maana hiyo tulikuwa nayo sisi tu, na tuliitumia mno. Kila kijiji cha kwetu kilikuwa na waliopasi wasiochaguliwa. Ukiwauliza walisema wamepasi, na kweli walikuwa wamepasi, wakiwa wameshika jembe. Shule za kulipia zilikuwa zimeanza kufunguliwa mijini wakati ule. Baba alikwenda kuulizia moja, akarudi, na hatukumwuliza aliambiwa nini kwa sababu tulimwona usoni.

Kurudia darasa kulikatazwa. Njia ilikuwepo hata hivyo, na kila mwalimu aliifahamu. Katika kila daftari la mahudhurio kulikuwa na jina la mtoto asiyeonekana tena shuleni, ambalo halijafutwa kwa sababu kufuta jina kunaleta maswali kutoka wilayani. Unamchukua mtoto aliyemaliza, unamkalisha tena darasa la saba, unampa jina hilo. Lilifanyika huku na huko. Nina hakika wapo watu wazima, wenye ofisi na magari, ambao mama zao huwaita jina moja na serikali huwaita jingine.

Mwalimu mkuu hakusita alipoombwa. Alisema asiyekuwepo na lake halipo. Methali hiyo naichukia hadi leo, na mtu akiitoa mbele yangu huinuka nikaondoka. Huyo aliyesemwa hayupo alikuwa mwendo wa nusu saa kutoka hapo shuleni, anawasongea wadogo zake wanne ugali wa uwele.

Alikuwa nyuma yangu darasa moja, mrefu, mwenye sauti nzito, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Mama yake alipooza upande mmoja yeye akiwa darasa la sita. Zahanati ilikuwa imeshaanza kuwaandikia watu dawa za kwenda kununua wenyewe, kwa hiyo mgonjwa akawa wa kulala nyumbani, na binti mkubwa akawa ndiye mama. Hakuwa mtoro. Neno hilo liliandikwa daftarini na watu waliokuwa wamekaa kivulini.

Mwezi wa pili alikuja shuleni, amefunga kanga juu ya sketi ya shule. Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha na nilisikia kila kitu. Alimwamkia baba, akamwambia mama yake anaanza kushika kikombe mwenyewe, na kwamba anaogopa jina lake litakuwa limefutwa. Baba alimjibu kwamba jina lake lipo darasani, halijafutwa, aende akamwuguze mama yake bila wasiwasi. Yule msichana alipiga goti kushukuru.

Baba hakumdanganya, ukilipima neno kwa neno. Jina lilikuwepo.

Tangu siku hiyo kila tulipokutana kisimani alinihimiza. "Soma, dada," alikuwa akisema. "Usilaze damu." Alikuwa anafahamu kwamba ninatumia jina lake, shule nzima ilifahamu. Nilidhani ananisimanga, nami nikawa nanuna, nateka maji yangu na kuondoka bila kuaga. Mwaka mzima nilimchukia kwa maneno hayo.

Hakuwa ananisimanga. Kwetu, kiangazi, maji yanapochuruzika kidogokidogo, watu hawawezi kukaa kisimani kutwa. Unaweka ndoo yako kwenye mstari, unakwenda zako shambani au kwa mgonjwa, na jirani anakusogezea ndoo kila mstari unaposogea. Ikifika zamu yako hata hukujazia. Hakuna anayediriki kuchota kwa zamu ya ndoo ya mtu akasema maji ni yake. Ndivyo alivyoelewa yule msichana. Jina lake lilikuwa mstarini, na mimi, mtoto wa mwalimu, niliyekwishamaliza shule na sina kazi, nimewekwa nimsogezee. Ningefanya mtihani, jina lingepasi, naye angekwenda. Kwa mtu aliyekulia kisimani kwetu hilo halikuwa wazo la kijinga.

Mtihani ulipofika niliandika jina lake juu ya kila karatasi, na la baba yake likafuata. Napenda kusema nilisita, lakini sikusita.

Majina yalibandikwa Mjini mwezi wa kumi na mbili, na safari hii jina lilikuwemo. Baba alirudi na barua ya kujiunga ndani ya shati lake. Kwenye barua kulikuwa na fomu, na kwenye fomu kulikuwa na mahali pa mzazi. Nilimtazama akiandika pale jina la mtu mwingine kama ndilo lake, akatia sahihi, akaipulizia wino ukauke. Mama alikuwa anapepeta uwele. Alisimamisha ungo akatuangalia, kisha akaendelea.

Hatukufikiri kuhusu mnada. Mnadani habari hufika kabla ya ng'ombe. Mtu aliyetoka Mjini alikuwa ameyasoma majina ukutani, na baba yake yule msichana, mfugaji mwenye ng'ombe wachache, asiyejua kusoma, alipewa mkono na watu hadi wa vijiji vingine. Keshoye asubuhi alikuwa nyumbani kwetu. Alikuja na jogoo mwekundu amefungwa miguu, na binti yake nyuma. Binti alikuwa amevaa sketi ya shule bila kanga, imefuliwa, na fupi kwake sasa. Alikuwa amepaka mafuta miguuni.

Mzee alikataa kigoda. Alisema amekuja kushukuru tu, kwamba hakutegemea, maana yeye alishajihesabu kuwa mtu wa kushindwa. Alisema hakuna hata mmoja wa ukoo wake ambaye jina lake limewahi kubandikwa ukuta wa serikali, isipokuwa wanaodaiwa kodi. Alicheka aliposema hivyo. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya mlango, na sanduku langu la bati lilikuwa miguuni kwangu, limeshafungwa.

Nilitegemea baba atatunga uongo. Angeweza kusema majina yamefanana. Badala yake alisema kweli, kwa sauti ileile ya kufundishia, na sijui mpaka leo kama huo ulikuwa ujasiri au ukatili. Alimweleza kwamba binti yake hakufanya mtihani. Jina lilikuwa limekaa bure, likatumika. Aliyepasi ni mtoto mwingine.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho. "Sasa mwalimu," alisema, "mbona hawakumwandika huyo mwingine? Wamemwandika huyu wangu. Na mimi wameniandika."

Baba alisema mtihani haufanywi na jina, unafanywa na mtu. Mzee akasema serikali haikuita mtu, imeita jina. Waliendelea hivyo kwa muda, kwa upole, hakuna aliyepandisha sauti, kila mmoja akiamini mwenzake atafahamu akielezwa tena. Ndipo yule msichana alipozungumza, na hakumgeukia baba yake, alimgeukia wangu.

"Mwalimu, uliniambia jina langu lipo."

"Lilikuwepo."

"Mimi nilikuwa nasubiri."

Nilimsikia baba akikohoa. Halafu akamgeukia mzee na kumwambia lililobaki, na hapo sauti ya kufundishia ilikuwa imekwisha. Alisema mzee ana haki ya kwenda kushtaki, hatamzuia. Ila akishtaki, nafasi itafutwa, yeye atafukuzwa kazi pamoja na mwalimu mkuu, na binti yake hataipata, kwa sababu hakumaliza hata darasa la saba. Hatakwenda huyu wala yule.

Nilisali mzee asishtaki. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu wakinisikiliza hadi hapa huanza kunihurumia. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nilimsikia mwenzangu akisema alikuwa anasubiri, na nilisali kwa Mungu wangu kwamba aendelee kusubiri.

Mzee alikaa kwenye kigoda alichokikataa. Alimshika jogoo mikononi, akimpapasa mgongoni. Alipouliza, aliuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Huyu wako, anasoma kweli?"

"Anasoma," baba alisema.

"Basi aende. Kuliko ipotee."

Akasimama, akamweka jogoo chini mbele ya mlango wetu. Baba alimsihi amrudishe nyumbani. Mzee alisema kuku akishatolewa kwa shukrani harudi bandani, atawaona waliobaki kuwa wajinga. Alikwishapiga hatua kadhaa alipogeuka na kusema kuna jambo moja anaomba. Mtoto akifika huko, asilichafue jina. Ni jina la mama yake mzazi, yeye mzee, na ndiyo maana alimpa binti wa kwanza.

Walikwenda. Msichana hakugeuka. Baba aliingia ndani, akapita karibu yangu bila kuniangalia, akalala katikati ya asubuhi, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya akiwa mzima. Hakuandika tena neno la wiki ubaoni baada ya hapo. Wadogo zangu waliofuata hawakulijua kabisa zoezi hilo. Kamusi ilihamia juu ya kabati, na panya wakaimalizia.

Mama alimchinja jogoo yule usiku wa kuamkia safari, akamkaanga, akanifungia kwenye karatasi awe chakula changu cha njiani. Mtu atasema ningemwacha. Nilimla. Nilianza kumla hata Manyoni hatujafika, na alikuwa mtamu.

Yule msichana aliolewa baada ya mavuno ya mwaka uleule. Mama aliniandikia katika barua, mstari mmoja, baina ya habari za mvua na salamu za bibi. Mwaka uliofuata alijifungua, na kwetu mwanamke akishajifungua huitwa kwa mtoto wake, mama fulani, hadi anazikwa. Hakuna aliyemwita tena kwa jina lake. Nimelifikiria hili mara nyingi kuliko inavyonifaa. Nilipokuwa nikilitumia mimi kila siku, kwenye madaftari, kwenye vyeti, baadaye kwenye hati ya ndoa na kwenye vyeti vya kuzaliwa vya wanangu, mwenyewe alikuwa hana mahali popote pa kulitumia. Sijawahi kwenda kumsalimia. Nimepita Mkiwa mara nyingi kwa basi na kila mara nimeangalia upande mwingine.

Kule sekondari tulifika Jumapili. Jumatatu asubuhi mwalimu wa darasa, mwanamke mwenye miwani, alitupanga mistari na kuanza kutuita majina. Shule ya msingi waliniita kwa jina langu, hilo jingine lilikuwa la karatasini tu, kwa hiyo sikuwahi kuliitikia kwa mdomo. Alipolifikia nilikuwa naangalia milima. Aliita mara ya pili, kwa nguvu zaidi, na wasichana wakaanza kugeuzageuza shingo kumtafuta. Mwalimu akaweka kalamu kwenye karatasi tayari kumkata. Akauliza kama kuna mtu yeyote pale anayemfahamu msichana huyu.

Nilinyoosha mkono. Nikasema namfahamu, ni mimi.

Aliniangalia kidogo juu ya miwani, akaweka tiki, akaendelea na jina lililofuata.